Jim Reeves: mtangazaji wa redio aliyekufa 1964 akaendelea kutoa nyimbo mpya

#1 Santuri Kongwe

Wakuu habari za jioni. Waliotangulia kuzaliwa, shikamooni.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Kilichonichokoza ni ubishi wa jana kijiweni. Kijana mmoja anatueleza kwamba mambo ya marehemu kuimbishwa na kompyuta yameanza juzi, dunia imeisha, tutubu. Nikamwambia mwanangu kunywa kahawa yako kwanza, marehemu wameanza kuimba kabla baba yako hajatoka jandoni.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Tabora, wakati reli bado ni moja ya Afrika Mashariki. Akipelekwa Nairobi kikazi, hakosi kurudi na santuri ya Jim Reeves, ameifunga katikati ya nguo ili isipinde. Gramafoni yake ilikuwa imechoka, sindano inaruka. Dawa yake ilikuwa sarafu ya senti hamsini iliyobandikwa kwa plasta juu ya kichwa cha ule mkono, uzito uikandamize sindano ikae kwenye mstari. Nyumba nzima inaweza kukosa hela ya chumvi, lakini ile senti hamsini hakuna aliyethubutu kuibandua.

Sasa baba mdogo alijua fika kwamba Jim Reeves yuko hai. Kwa nini asijue? Kila baada ya muda santuri mpya hii hapa. Miaka ya themanini mwanzoni akaja mwalimu mmoja mgeni mtaani, wakawa wanakunywa chai barazani, muziki unapiga. Mwalimu akasema, huyu bwana si alikufa 1964? Baba mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Maiti gani hiyo inayoenda studio?"

Walibishana mpaka chai ikafanya utando. Mwalimu alikuwa sahihi. Lakini baba mdogo naye hakuwa amepotea sana, na hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Nashusha kwa vipande, natumia simu, mnivumilie.

#2 Mtukutu Jr

Huyu si yule mwenye ndevu nyeupe aliyeimba wimbo wa mcheza karata kwenye treni?

#3 Santuri Kongwe

Mtukutu, huyo ni Kenny Rogers. Naye ametangulia, tarehe 20 Machi 2020, akiwa na miaka 81, ile wiki ambayo dunia nzima ilikuwa inafunga milango kwa korona. Ana uzi wake siku nyingine. Jim hakuwa na ndevu. Kwenye picha ni mtu wa suti, nywele zimelazwa, unaweza kudhani ni meneja wa benki.

#4 Kigoda Changu

Nimeweka kigoda hapa mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#5 Santuri Kongwe

Haya. James Travis Reeves, kazaliwa 20 Agosti 1923, Galloway, Texas, kijiji kidogo karibu na mji wa Carthage. Baba yake alifariki yeye akiwa hajafikisha hata mwaka. Mama akabaki na kundi la watoto na shamba.

Ndoto yake haikuwa muziki, ilikuwa besiboli. Alikuwa mrushaji mpira, mkono wa kulia, na mwaka 1944 akasajiliwa kwenye mfumo wa timu za chini za St. Louis Cardinals. Akacheza miaka kadhaa kwenye ligi ndogo, halafu siku moja katika kurusha akaumia mshipa wa fahamu wa mguu. Mpira ukaishia hapo. Mwaka 1947 alikuwa ameoa mwalimu aitwaye Mary White. Mlishike hilo jina la Mary.

Sasa kijana hana mguu, ana nini? Ana sauti. Chuo Kikuu cha Texas aliwahi kuingia kusoma mambo ya kuzungumza mbele ya watu na maigizo, akaacha baada ya wiki chache. Akapata kazi ya utangazaji kwenye redio ya Henderson, Texas, baadaye akahamia KWKH ya Shreveport, Louisiana. Hiyo KWKH ndiyo iliyokuwa inarusha Louisiana Hayride, kipindi cha muziki wa jukwaani cha Jumamosi usiku. Hank Williams alipitia hapo, Elvis akaja kupitia hapo. Jim kazi yake ni kusimama pembeni na karatasi na kusema: mpendwa msikilizaji, anayefuata ni fulani.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1952 mwimbaji mmoja hakutokea, Jim akasukumwa mbele aimbe. Jina la aliyekosa kufika hutajwa tofauti kila msimulizi, mimi silishiki. Ninachojua ni kwamba mwaka uliofuata, 1953, wimbo wake wa Mexican Joe ukashika namba moja Marekani kwenye chati ya kantri, ule muziki wa Wazungu wa mashambani kule.

Hapo bado hajawa Jim tunayemjua. Usikilize Mexican Joe leo. Anapayuka! Sauti iko juu, haraka haraka, kama mnadi mitumba wa Karume. Baba mdogo aliwahi kuusikia akakataa kata kata kwamba ni yeye.

#6 Arap Chai

Hahaha huku kwetu Kericho tukimpenda mtu hivyo tunamwita mjomba. Endelea ndugu yangu wa Bongo, mimi nina kitu cha kuongeza lakini wacha umalize.

#7 Santuri Kongwe

Mwaka 1955 kampuni ya RCA Victor ikamchukua, akahamia Nashville na kuingia Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha kantri cha redio ya huko. Hapo akakutana na Chet Atkins, mpiga gita ambaye pia ndiye aliyekuwa akisimamia kurekodi.

1957 ukaja wimbo Four Walls. Atkins aliona huo ni wimbo wa mwanamke, mtu kakaa ndani kazungukwa na kuta nne anamsubiri mwenzake aliyeko kwenye starehe. Jim akang'ang'ania auimbe yeye. Na alipoingia studio akafanya jambo ambalo waimbaji wa kantri hawakulizoea: akasogea mpaka midomo ikakaribia kabisa kugusa kipaza sauti, akashusha sauti, akaimba polepole kama anayesoma taarifa ya habari ya usiku wa manane kwa msikilizaji mmoja tu.

Wakuu, hicho ndicho kitu chenyewe. Wenzake walitoka kwenye kumbi za dansi, walijifunza kuimba ili sauti ifike ukutani kule nyuma, juu ya vifijo na chupa. Huyu alitoka kwenye chumba cha redio ambamo hamna mtu. Mtangazaji hazungumzi na umati, anazungumza na mama mmoja anayekanda unga jikoni kwake. Jim akaupeleka utaratibu huo kwenye kuimba.

Wimbo ukawa namba moja kwenye kantri, ukavuka na kuingia kwenye chati ya muziki wa kawaida mpaka nafasi ya 11. Fidla na lile gita la kulaza linalolia kama limefiwa vikaanza kuwekwa pembeni, wakaja waitikiaji laini, piano ya Floyd Cramer, baadaye vinanda vya nyuzi. Hiyo wakaiita sauti ya Nashville. Wapenda kantri ya vumbi na buti za wachunga ng'ombe walinung'unika sana, na kwa kweli wana hoja, zipo nyimbo nyingine za kipindi kile zina sukari mpaka meno yanauma.

#8 Fundi Redio

Mkuu umegusa kazi yangu. Nimekaa nyuma ya vioo vya studio miaka 19, redio mbili tofauti.

Ukisogea karibu na kipaza sauti cha aina ile ya zamani, mabesi yanapanda yenyewe. Mtu mwenye sauti ya kawaida anakuwa na kifua. Ndiyo maana watangazaji wachanga wote wanataka kukimeza. Tatizo ni kwamba ukiwa karibu hivyo kila kosa linasikika: mate, pumzi, herufi P inapiga kama kofi. Huwezi kupaza hata kidogo, utachafua. Kwa hiyo anayeweza kuimba wimbo mzima pale, kwa utulivu, bila P moja kupasuka, huyo ana nidhamu ya mwanajeshi. Mimi nina vijana hapa hawawezi kusoma matangazo ya vifo bila kupasua.

#9 Bi Mwanaisha wa Pangani

Jamani mie Kiingereza sijui, nilikimbia shule. Lakini marehemu kaka yangu alikuwa na kaseti yake moja, na kila mwezi wa kumi na mbili redio ya jirani ilikuwa ikimpiga zile nyimbo za Krismasi kutwa. Sisi Waislamu nyumba nzima tukizijua. Nilikuwa nikidhani ni mtu mzima sana, babu wa watu, kwa ile sauti. Hebu niambieni, alikufa ana miaka mingapi?

#10 Santuri Kongwe

Bi Mwanaisha shikamoo. Alikufa ana miaka 40. Zilibaki siku 20 atimize 41. Hizo za Krismasi zinatoka kwenye santuri yake ya 1963, yaani Krismasi iliyofuata baada ya hapo ndiyo ya mwisho kwake duniani... hapana, nimejichanganya, Krismasi hiyo hiyo ya 1963 ndiyo ya mwisho. Ya 1964 ilimkuta ameshazikwa.

Nikirudi kwenye mstari. Mwishoni mwa 1959 ikatoka santuri ndogo. Upande wa mbele ni wimbo ambao leo hakuna anayeukumbuka, na upande wa nyuma wakabandika He'll Have to Go. Watangazaji wa redio, wenzake wa zamani, wakaigeuza. Ukakaa namba moja ya kantri wiki 14 mwaka 1960, na chati kuu ya Marekani ukafika namba mbili.

Aliyeuandika ni Joe Allison na mkewe Audrey. Husimuliwa kwamba Audrey alikuwa na sauti ndogo mno kwenye simu, mumewe akawa kila mara anamwomba asogeze mdomo. Wimbo wote ni mtu yuko baa, anapiga simu, anamwomba mwanamke asogeze mdomo karibu na simu, na anajua kabisa upande wa pili kuna mwanamume mwingine amekaa. Sasa fikirieni: wimbo wa kusogeza mdomo, unaimbwa na mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kusogeza mdomo. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Baada ya hapo akawa mtu wa dunia. Norway, Uingereza, Ireland, Afrika Kusini. Ireland 1963 aliwaudhi watu: kuna kumbi aligoma kuendelea na onyesho kwa sababu piano haikuwa sawa. Watu wamelipa kiingilio, yeye anasema hiyo piano imeachia nyuzi, naondoka. Waandaaji walimchukia. Mimi namwelewa.

#11 Kigoda Changu

Aje kwenye kwaya yetu. Kinanda kina vitufe vitatu havitoi sauti na kingine kinatoa sauti ambayo hukubonyeza. Tunaimba tu, Mungu anasikia.

#12 Msomi wa Mlimani

Naona mnampamba sana. Hiyo Afrika Kusini mmeipita haraka kama basi la usiku. Alienda 1962, mwaka ule ule Mandela anakamatwa. Akarudi 1963 kuigiza filamu ya Kimberley Jim. Akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans, lugha asiyoizungumza, ili kuwafurahisha waliokuwa wanatawala. Weusi wa kule walimsikiliza kupitia ukuta. Tuwe wakweli.

#13 Santuri Kongwe

Msomi, ni kweli na sitaipaka rangi. Alikuwa na wapenzi wengi kule kuliko Elvis, na nyimbo za Kiafrikaans zipo, Ek verlang na jou ni mojawapo. Kumbi zilikuwa za ubaguzi. Alikuwa Mzungu wa Texas wa wakati wake, alifuata soko. Hakuna mahali nilipokutana na yeye akipinga jambo lile.

Niongeze tu kwamba vitongojini kule watu weusi walimpenda pia, na walipenda kwa radio zao wenyewe na santuri walizonunua kwa pesa zao. Hapo ndipo mambo ya muziki yanapokuwa magumu kuyapanga kwenye makabati.

#14 Msomi wa Mlimani

Hilo la makabati nakubali. Lakini nimelisema na limeandikwa.

#15 Arap Chai

Sasa wacha niingie, maana mmesema kantri na Afrika.

Huyu Jim wenu utotoni alikuwa akisikiliza santuri za Jimmie Rodgers, ambaye ndiye baba wa kantri yenyewe. Rodgers alikuwa mtu wa Meridian, Mississippi, kazi yake breki za treni. Santuri Kongwe, mwambie baba mdogo, huyo alikuwa mtu wa reli kama yeye! Kifua kikuu kikamla. Mei 1933 alienda New York kurekodi akiwa hoi, wakamtandikia kitanda studio, anaimba wimbo mmoja, analala, anaamka anaimba mwingine. Akafa hotelini tarehe 26 mwezi huo. Miaka 35.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma, anafika kwetu Kapkatet, kwa Wakipsigis. Anakuta wasichana wanaimba wimbo mtamu ajabu, na kiitikio ni "Chemirocha, Chemirocha". Anauliza huyo ni nani. Kumbe ni Jimmie Rodgers! Santuri zake zilikuwa zimefika na wageni, gramafoni ikachezwa, watu wakasikia ile sauti yake inayopanda na kushuka kama mtu anayeitana na mwenzake ng'ambo ya bonde. Ulimi wetu ukamalizia jina. Na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona, wakaamua huyu si binadamu kamili, nusu mtu nusu paa. Wanamwimbia aje acheze nao.

Rekodi yenyewe ipo mpaka leo. Kwa hiyo mzee wetu wa Tabora aliyeamini Jim yuko hai, mimi simcheki. Sisi tulimpa wetu pembe na kwato, na wakati tunamwalika kucheza alikuwa amekufa miaka 17.

#16 Bi Mwanaisha wa Pangani

Nusu mtu nusu paa! Huyo kwetu tungemwita mganga kwanza ndipo tumsikilize.

#17 Kigoda Changu

Huu uzi naenda kuuchapisha niuweke kwenye fremu.

#18 Santuri Kongwe

Arap Chai umeniziba mdomo. Asante sana mkuu.

Nimalize safari yake. Ijumaa, 31 Julai 1964. Jim alikuwa amejifunza urubani, na siku hiyo alikuwa anatoka Batesville, Arkansas, kuangalia mambo ya viwanja, anarudi Nashville. Ndege ndogo ya injini moja, Beechcraft Debonair, yeye ndiye rubani. Pembeni yake Dean Manuel, mpiga piano wake ambaye pia alikuwa meneja wake. Walipokaribia Nashville, jioni ile wakakutana na mvua nzito ya radi. Ndani ya wingu rubani asiyezoea kuongozwa na vyombo hapati mbingu wala ardhi, mwili unamdanganya kwamba ameenda sawa kumbe ndege imelala ubavu na inazunguka kuelekea chini. Ikaangukia msitu wa Brentwood, kusini mwa mji.

Ilichukua takriban saa 42 kuiona. Mamia ya watu msituni, pamoja na wanamuziki wenzake, Chet Atkins na Marty Robbins wakiwemo. Miti ilikuwa imefunga na mvua ilikuwa imelainisha ardhi, ndege imejichimbia. Walimpata Jumapili asubuhi. Walimrudisha Texas, kaburi liko kandokando ya barabara nje ya Carthage, lina sanamu yake ameshika gita. Mbwa wake naye kazikwa papo hapo.

#19 Mtukutu Jr

Hawa wa kantri na ndege wana nini lakini? Si kuna mwanamke pia?

#20 Santuri Kongwe

Patsy Cline. Tarehe 5 Machi 1963, mwaka mmoja na miezi kama mitano kabla ya Jim. Miaka 30 tu. Alikuwa anatoka Kansas City kwenye onyesho la kuichangia familia ya mtangazaji wa redio aliyekufa kwa ajali ya gari. Ndege ndogo, hali mbaya ya hewa, rubani alikuwa meneja wake, ikaanguka karibu na Camden, Tennessee. Waimbaji Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins walikuwemo. Halafu Jack Anglin, mwimbaji mwingine, akafa kwa ajali ya gari akiwa njiani kwenda kwenye ibada ya kumwombea Patsy. Msiba ukazaa msiba ukazaa msiba.

Patsy mlishike pia, anarudi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siku Jim anakufa, wimbo wake I Guess I'm Crazy ulikuwa tayari sokoni unapanda. Ukafika namba moja, mwenyewe yuko kaburini. Hilo halishangazi, hutokea. Kinachoshangaza ni kwamba haukuwa wa mwisho. This Is It, 1965, namba moja. Is It Really Over?, 1965, namba moja. Distant Drums, 1966. Blue Side of Lonesome, 1966. I Won't Come In While He's There, 1967. Hesabuni: namba moja sita kwenye kantri baada ya kufa.

Distant Drums ndiyo kiboko. Cindy Walker aliutunga, Jim akaurekodi kama sampuli tu, si wimbo wa kutoa. Kanda ikakaa. Baada ya kifo wakaitoa, wakaweka vyombo vingine juu ya ile ile sauti, wakaachia. Marekani namba moja ya kantri. Uingereza, ya Beatles wenyewe, 1966, ukakaa namba moja wiki tano. Wimbo ni wa kijana anayesikia ngoma za vita kwa mbali, anamwomba mchumba wake wafunge ndoa haraka kabla hajaitwa. Marekani wanapeleka vijana Vietnam. Na mchumba kwenye wimbo anaitwa Mary.

Mjane wake Mary ndiye aliyekaa juu ya zile kanda. Hawakujaliwa mtoto. Alizipanga, akazitoa kidogo kidogo pamoja na RCA, mwaka baada ya mwaka.

#21 Fundi Redio

Na hapa nirudi kwenye lile la mdomo na kipaza sauti, maana watu hawaunganishi.

Mwimbaji anayepaza akiwa mbali, sauti yake inaingia pamoja na ngoma, piano, mwangwi wa ukuta. Ukitaka kubadilisha ngoma miaka kumi baadaye huwezi, zimeshonana. Lakini mtu aliyeimba akiwa karibu kabisa, taratibu, na sauti ikawekwa kwenye njia yake peke yake ya kanda, hiyo ni sauti safi. Unaivua wimbo kama unavyovua shati. Unaivisha lingine.

#22 Santuri Kongwe

Fundi, umesema kile nilichokuwa nakihangaikia tangu posti ya kwanza. Ule ukaribu uliofanya baba mdogo ahisi anazungumziwa yeye barazani Tabora ndio ule ule uliofanya iwezekane kumwondoa Jim kwenye bendi yake na kumweka kwenye bendi asiyowahi kuiona.

Wakazidi. Mwishoni mwa miaka ya sabini wakamchukua binti anaitwa Deborah Allen, wakamwimbisha pamoja na sauti ya Jim. Jim anakufa, Deborah alikuwa mtoto wa miaka kumi. Zikauza. Halafu 1981 wakafanya kituko cha mwaka: Have You Ever Been Lonely, Jim Reeves na Patsy Cline. Hawa wawili hawakuwahi kurekodi pamoja. Kila mmoja aliuimba huo wimbo kivyake akiwa hai. Wakavua sauti zote mbili, wakazioanisha, wakapiga vyombo vipya, na ukaingia tano bora za kantri. Marehemu wawili, kila mmoja na ndege yake, wanaulizana kama umewahi kuwa mpweke.

#23 Bi Mwanaisha wa Pangani

Hapo mie nasimama. Kumtoa mtu sauti yake ya zamani sawa, ni urithi, mke ana haki ale jasho la mumewe. Lakini kumwoanisha na mwanamke mwingine baada ya kufa, na mke yuko hai ndiye anayetia sahihi? Aliridhiaje?

#24 Mtukutu Jr

Mama, alikuwa anaangalia akaunti benki.

#25 Bi Mwanaisha wa Pangani

Mtukutu nitakupiga na kipande cha mua.

#26 Msomi wa Mlimani

Swali la Bi Mwanaisha si la mzaha. Distant Drums angalau aliuimba kwa kinywa chake, akijua anaimba nini. Kwenye ule wa Patsy kila neno ni lake, pumzi ni yake, lakini tukio lenyewe halikutokea. Ni kama kuunganisha picha mbili za pasipoti ukasema hii ni picha ya harusi.

#27 Fundi Redio

Mimi nimeusikiliza nikiwa na vipokea sauti masikioni, nikitafuta mshono. Umeshonwa vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila kuna kitu kimoja: hawasubiriani. Waimbaji wawili wakiwa chumba kimoja, mmoja akimaliza mstari mwenzake anavuta pumzi juu ya mkia wake. Hawa kila mmoja anamaliza na kuondoka.

#28 Arap Chai

Santuri Kongwe, na baba mdogo? Alikubali mwishowe?

#29 Santuri Kongwe

Siku ile ya mwalimu hakukubali. Baada ya wiki moja hivi akaenda maktaba ya mkoa na baiskeli, hakutuambia anaenda kufanya nini. Aliporudi alikaa kimya mpaka baada ya chakula, kisha akasema, "Basi aliacha akiba nyingi." Hakulizungumza tena. Ule wa Patsy aliupata kwenye kaseti ya kurekodiwa, akausikiliza mara moja, akauliza yule mwanamke ni nani. Nikamwambia. Akaugeuza upande wa pili.

Alifariki 1996. Gramafoni ilikuwa imeshakufa zamani, na ile senti hamsini iko kwangu, plasta na vyote. Kwenye matanga, usiku wa pili, binamu yangu akaleta redio kaseti akaweka This World Is Not My Home. Mzee wa kanisa hakupendezwa, akauachia. Umeme ulikuwa umekatika, tunatumia betri, na betri zenyewe zilikuwa zimechemshiwa juani mara tatu tayari. Katikati ya ubeti wa pili kanda ikaanza kuvuta. Sauti ya Jim, ambayo tayari iko chini, ikashuka, ikashuka, mpaka yakawa si maneno tena, ni mngurumo tu kama treni la mizigo linaingia stesheni. Hakuna aliyecheka. Shangazi akanyoosha mkono akalizima.

Patsy nitamwandikia wake Jumamosi. Simu imebaki asilimia tatu.